Kinywa cha Kuazima

Yule aliyetumwa kunipa habari ya kifo cha Leokadia hakutaka kuingia ndani. Alisimama mlangoni pa nyumba yangu hapa Miembeni mjini, mtu mzima mwenye mvi, ameshika kofia kifuani, na kila nilipomwambia "Karibu, baba, keti," alijibu "Nimeshakaribia, mwalimu," na mguu hausogei. Nikamwambia chai ipo jikoni. Akasema ameshakunywa. Ametoka Muleba alfajiri, ameshakunywa wapi? Uongo mtupu, na mimi niliyefundisha watoto maisha yangu yote naujua uongo kabla haujafungua mdomo. Lakini sikumkasirikia, maana nilijua anachoogopa. Kule kwao bado wapo wanaosema mimi ndiye yule msichana aliyesimama barazani akatamka kwamba amemeza mtumbwi. "Bibi Leokadia ameacha neno," akasema akiangalia miguu yangu. "Asizikwe kabla hujafika. Na uje na yale maneno ya shangazi yako." Kisha akavaa kofia, akaondoka mbio mbio. Nikabaki nimeushika mlango. Wajukuu wamezaliwa, bendera zimebadilika, na maneno yale nilikuwa sijayatamka tena hata nikiwa peke yangu bafuni.

Mwaka ninaousema ni wa wakati wa Mwingereza, kahawa ilipokuwa na bei nzuri na kila mtu kwetu Kanazi akitaka nyumba ya bati. Habari za wazazi wangu naziacha. Walikuwa watu wa migomba na misa, walinilea vizuri, imetosha. Nilikuwa nimemaliza shule kwa masista, nasubiri nafasi ya kusomea ualimu, na msichana anayesubiri nyumbani hutumwa na kila apitaye. Ikaamuliwa niende nikakae na shangazi Nyamwiza, dada mkubwa wa baba, aliyefiwa na mumewe huko ziwani upande wa Muleba. Kijiji sikitaji, kwa kuwa wajukuu wa watu wale wako hai na baadhi yao ni rafiki zangu. Kimekaa chini ya genge, kati ya mwamba na maji. Ukikiteremkia mara ya kwanza unaona mapaa ya nyumba, na baada ya mapaa huoni kitu tena, ni maji tu mpaka mbinguni. Mimi niliyekulia ndani ya migomba, ambako hata jua unaliona vipande vipande, niliketi chini njiani. Miguu ilikataa. Mchukuzi wa mizigo yangu akacheka, "Dada, ziwa haling'ati." Nikamuuliza mbona linanguruma. Akacheka tena, lakini tulipofika mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, nilimwona akivua kofia na kuinamisha kichwa kidogo kuelekea majini kabla hajautua mzigo.

Nyumba ya shangazi ilikuwa msonge wa zamani, nyasi kutoka kileleni hadi ardhini, na ndani kulikuwa na giza lenye harufu ya moshi, samaki, na majani mabichi aliyoyatandaza sakafuni kila Jumamosi. Nililala nyuma ya kiwambo cha matete, na kiwambo kile hakikuzuia sauti hata kidogo. Jioni alikuja jirani, huyo Leokadia, mjane kama shangazi, mnene, mwenye kicheko cha kuamsha kuku, mama wa mwana mmoja tu, Projesti, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuvua. Shangazi alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa, nao wakazitafuna huku wakiusengenya ulimwengu mzima. "Nyamwiza, huyu mtoto wa kaka yako mbona hali?" "Anakula. Anakula kimyakimya kama mwizi." "Mpe samaki wa kuchoma, atasema." Nami nyuma ya matete nacheka na ndizi mdomoni. Wanawake wale walipendana sana. Nalisema mapema, msije mkalisahau huko mbele.

Asubuhi ya kwanza niliamshwa na sauti nzito iliyotoka nje, nikadhani ni ya mwanamume. Nikajifunga shuka, nikaifuata mpaka mwaloni. Kulikuwa kunapambazuka. Mitumbwi ilikuwa imepangwa, pua majini, na wavuvi wamesimama kando yake, hakuna aliyepanda. Shangazi alikuwa ameingia majini mpaka magotini, mgongo kwetu, kanga imelowa, na kile kifua chake chembamba kinatoa sauti ambayo sikujua kimeificha wapi. Alikuwa akisema Kihaya cha kale. Mimi nayaandika kwa Kiswahili, na Kiswahili changu ni cha shuleni, kwa hiyo mnisamehe pale mapigo yanapopungua:

Mimi ni Mpana nisiyepimwa kwa kamba.
Milima imekuja kuninywa, imepiga magoti.
Mito hunilisha, sijasema nimeshiba.
Asubuhi nimeivaa mbingu, jioni nimeivua.
Nimemeza jasiri na kasia lake,
sikutema hata ukucha.

Baada ya kila mstari wavuvi waliitikia kwa pamoja, "Eego waitu!" yaani ndiyo, bwana wetu. Nilitaka kukimbia, na nilitaka aendelee. Jua lilikuwa linachomoza, na nilipotazama nikaona kweli ziwa limeivaa mbingu, wingu kwa wingu, wala sikuwa nimeliona hilo jana yake nilipolitazama kwa macho yangu mwenyewe. Jana yake nilikuwa nimeona maji mengi. Nikajikuta nimeshika rozari, vidole vinapita kwenye punje, na mdomo hausali.

Tulipokuwa tunamenya ndizi nilimuuliza. "Shangazi, kwa nini unasema wewe ndiye umemeza watu?" Akaacha kisu. "Mimi? Nimemeza nani mimi, na meno haya?" Akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaniambia kwa upole kwamba kwao ndivyo ilivyo tangu zamani: mtu hujivuga mwenyewe, shujaa anasimama mbele ya Mukama, mfalme wetu, na kutaja aliyoyatenda, na anayesikiliza anaitikia. "Sasa ziwa lina tumbo, halina kinywa. Litajivuga na nini? Mama mkwe wangu aliliazima kinywa chake, na mimi nikarithi kazi. Nikishasema, kinywa kinarudi kuwa changu, nakulia ndizi." Akaniambia pia kwamba wanaoitikia ni wale waingiao majini na wale wenye watu wao mtumbwini. Kuitikia ni kusema nimesikia, nakwenda nikijua ninakokwenda. Asiyekuwa na mtu majini, kama mimi, hunyamaza. Katekisimu niliyoifahamu ilikuwa na swali na jibu, na nilikuwa hodari wa majibu. Maneno ya shangazi hayakujibu kitu. Yalisimama tu mbele ya maji yakatetemeka, na ukiyasikiliza unatetemeka nayo. Nimeshasoma vitabu vingi tangu siku hiyo, vya watu waliosifu mito na milima kwa lugha nzuri sana, na vingi vinanipitia tu, kwa sababu aliyeandika haogopi anachokisifu.

Kigango chetu kilikuwa na katekista, Kalisti, kijana mtanashati, mwenye sauti ya kuimba na Kilatini cha misa chote kichwani. Siku moja alikuja nyumbani, akakaa kwa adabu ukingoni mwa kigoda, akapokea kahawa kwa mikono miwili. "Mama, waitu, pale majini unamwomba nani?" "Simwombi mtu." "Watu wanasema ni Mugasha wa wapagani, yule mwenye ziwa." "Watu waseme. Wewe umenisikia nikiomba hata samaki mmoja? Rozari yangu ile pale ukutani, kuomba naombea kule. Pale mwaloni nasifu." Kalisti akatafuna polepole. "Kilichoumbwa hakisifiwi, mama. Husifiwa aliyeumba." "Na ukimwambia mama kwamba mtoto wake ni mzuri, mama anakasirika?" Kalisti akasimama, akaaga. Nilidhani yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Jumapili akasimama akasema kwa sauti ile ile nzuri kwamba anayeitikia maneno ya mwaloni asijipange na wanaokwenda kukomunika.

Vijana wakaacha mara moja. Wazee waliendelea kwa minong'ono. Leokadia akaja jioni, hakucheka, kajifunga mtandio hadi kidevuni. "Nyamwiza, nimeacha kuitikia." "Basi acha. Ulimi ni wako." "Nina mwana mmoja. Sitaki nimkose na mbinguni." "Nimekusikia." "Hukasiriki?" "Nakasirika. Tafuna kahawa." Wakatafuna bila kusema neno, na kimya kile nilikiogopa kuliko ugomvi.

Siku yenyewe ilipambazuka shwari, shwari ya kutia shaka, ziwa jeupe kama bakuli la maziwa. Mtumbwi wa Projesti na wenzake watatu ulikuwa unakwenda visiwani, na wote wanne walikuwa vijana wa Kalisti. Shangazi aliingia majini akasema mstari wa kwanza, akangoja. Hakuna aliyejibu. Akasema wa pili, akangoja. Lilisikika kasia likigonga ubao, basi. Leokadia alikuwa amesimama na mtungi kichwani karibu nami, midomo ameibana hadi imekuwa myeupe. Shangazi alipofika kwenye "Nimemeza jasiri na kasia lake" sauti yake ilipasuka kidogo, maana ni vigumu kusema maneno makubwa peke yako, watu wamekupa visogo. Hata hivyo aliyamaliza yote. Mtumbwi ukaondoka. Projesti alimpungia mama yake mkono mara moja, haraka, kwa haya ya kijana mbele ya wenzake.

Adhuhuri upepo ukaja na genge zima likalia. Mimi nilikuwa ndani, nikaona majani ya sakafuni yanainuka yenyewe. Nje ziwa lilikuwa limesimama. Sina neno jingine. Maji yalisimama wima, meusi, yakaanguka, yakasimama tena, na katikati ya ngurumo nilisikia wanawake wakiita majina. Shangazi alitoka akasimama mvuani, hakusema kitu, kajishika mdomo kwa mikono yote miwili. Jioni kulitulia. Kesho yake mawimbi yalileta kasia moja. Watu hawakupatikana hata mmoja, na kwetu asiyepatikana huzikiwa mgomba, basi wakakata vigogo vinne, wakavivika shuka, wakavishusha kaburini, na Kalisti akasoma sala. Leokadia hakulia. Alikuwa anamtazama shangazi.

Maneno yalianza siku hiyo hiyo kwenye kisima. "Alisema mwenyewe. Nimemeza." "Na kasia lake!" "Mawe, mama yangu! Kasia tu ndilo lililotemwa, mtu hata ukucha." "Sisi hatujamsingizia, kinywa chake mwenyewe." Wote walioyasema walikuwa wameyasikia maneno yale tangu wakiwa tumboni mwa mama zao, wakayaitikia miaka na miaka, na walijua kabisa mwenye kusema ni ziwa. Woga uliwasahaulisha. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na sitaki kuwacheka, kwa sababu mimi mwenyewe, niliyekuwa nimeelezwa tukimenya ndizi, usiku nilianza kusikiliza pumzi za shangazi upande wa pili wa matete na kujiuliza ni za nani. Akinipakulia chakula nilingoja aanze yeye. Aliona. Siku ya tatu akavuta sahani yangu, akaonja maharage, akanirudishia bila neno, na machozi yakanitoka kwa aibu na hofu iliyochanganyika. "Kula, Adela," akasema. "Hata mimi naogopa. Naogopa kwamba ningenyamaza siku ile, labda wangerudi." Nikamwambia hapana, shangazi, dhoruba ni dhoruba. Akasema, "Ndiyo, mtoto wa masista," akatazama moto.

Hakuna aliyekuja tena kutafuna kahawa. Kikapu kilikaa pale pale na vumbi juu yake. Tukipita njiani watoto waliitwa ndani. Kisha tukaamka tukakuta migomba ya kibanja chetu imekatwa, safu nzima ya mbele, mikungu michanga imelala chini inatoa utomvu. Msomaji wa mbali aelewe: Mhaya hakukatii migomba kwa hasira tu. Anakuambia ondoka. Ukikaidi, kinachofuata ni moto kwenye nyasi za nyumba, nawe umo ndani. Shangazi akaokota mkungu mmoja, akaupangusa udongo. "Sina pa kwenda," akasema. "Mume wangu amezikwa nyuma ya nyumba hii." Siku ile nilijaribu kusali, nikashindwa, nikahesabu tu vijiti vya paa vinavyoungua vizuri.

Mkungu wa kijiji, ndiye mzee wa Serikali ya Mukama pale petu, akaita baraza mbele ya nyumba yake. Alikuwa mtu mzito, mvuvi wa zamani, mguu mmoja umelemaa. Watu walijaa. Wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na katikati uwanja mtupu alipoketishwa shangazi kwenye mkeka, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. Leokadia akaulizwa. Akasema aliyoyasikia, neno kwa neno, hakuongeza hata moja. Kalisti akaulizwa. Jasho lilimtoka. "Mimi niliwaonya watu wasiitikie," akasema. "Niliwaonya. Aliyesema ni yeye." Alirudia hivyo mara nyingi, na nilipomtazama machoni nikaona kitu kilichonishangaza: yeye ndiye aliyekuwa anaogopa kuliko wote. Alihitaji mchawi apatikane. Asipopatikana mchawi, basi angelala kila siku akijiuliza kama ni yeye aliyewaziba vijana wale midomo.

Kisha mkungu akasema, "Yuko mtoto anayelala nyumba ile. Amesomeshwa na masista, hatasema uongo." Nikasukumwa mbele. "Binti, shangazi yako alisema 'nimemeza' au hakusema? Jibu moja." Nikisema hakusema, kina Leokadia wote wako pale, ni uongo mchana kweupe. Nikisema alisema, jioni ile nyumba inaungua. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Amesema au hakusema!" na wengine wakaanza kusimama, na nikaona kijana ameshika panga la kukatia migomba, lina utomvu mweusi bado. Nilitaka kueleza habari ya kuazima kinywa, nikajua hakuna atakayengoja maelezo ya msichana. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui nilipata wapi moyo. Nikageuka, nikawapa mgongo, nikatazama ziwa lililokuwa linang'aa chini yetu, nikaanza yale niliyoyasikia kila alfajiri.

"Mimi ni Mpana nisiyepimwa kwa kamba."

Sauti ilikuwa nyembamba, ya kusomea darasani. Kimya. "Milima imekuja kuninywa, imepiga magoti." Nikasikia nyuma yangu mtu akikohoa. Mstari wa tatu ukatoka na sauti nyingine, nzito, na wallahi sikuitengeneza mimi. Ni maneno yenyewe yalivyo, hayasemeki kwa sauti ndogo. Na mvuvi mmoja mzee, kwa mazoea tu, kama mtu anavyojibu salamu usingizini, akasema, "Eego waitu." Nikasema wa nne, wakaitikia wawili watatu. Nikafika pale pabaya. Nikasema, mimi Adela wa Kanazi, ambaye sikuwahi hata kupanda mtumbwi: "Nimemeza jasiri na kasia lake, sikutema hata ukucha." Na mkungu mwenyewe, katika kiti chake, akaitikia kwa nguvu, "Eego waitu!" Halafu akashtuka akaziba mdomo. Nikaendelea mpaka mwisho, ile sehemu ambayo siku ya mtumbwi hakuna aliyeisikiliza:

Nipite mgongoni, mwana wa mwanamke, nipite ukijua.
Nilikuwapo kabla hujapewa jina,
na jina lako nitalilaza kwangu
pasipo jembe, pasipo vumbi.

Nilipogeuka, Leokadia alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Ndiyo mara ya kwanza alilia. Kalisti alikuwa amebana midomo kama mtu mwenye maji mdomoni. Mkungu akainuka kitini. "Basi," akasema. "Kama kusema ni kumeza, huyu mtoto naye amemeza, na mimi niliyeitikia nilimshikia miguu aliyemezwa. Mnifunge mimi kwanza." Hakuna aliyecheka. "Atakayegusa nyumba ya Nyamwiza atanikuta mimi. Nendeni." Yule kijana mwenye panga akaliangalia panga lake, akalishusha nyuma ya mguu.

Ningependa kusema tulirudi nyumbani tukala tukafurahi. Shangazi aliishi, ndiyo. Alikufa miaka mingi baadaye kitandani mwake chini ya nyasi zile zile, akazikwa nyuma ya nyumba kando ya mumewe, na hiyo ndiyo zawadi niliyopata. Lakini hakuingia tena majini kusema. "Nimerudisha nilichoazima," aliniambia, na mitumbwi ikawa inaondoka alfajiri bila neno. Woga nao haukwenda mbali, ulihama tu nyumba. Watu walikuwa wameyasikia maneno yale kinywani mwangu, kwa sauti isiyokuwa yangu, wakaanza kunipisha njia: amerithi huyu, mwacheni apite. Barua ya ualimu ilipokuja niliondoka kabla ya msimu wa senene, na nikaogopa pia, jamani, msidhani ni wao tu. Nilijiogopa mimi. Nilifundisha mashairi kwa watoto wa watu miaka yote, yenye mizani na vina, na kila nilipoona ziwa kutoka mjini niliangalia pembeni.

Mpwa wangu alinipeleka kwa pikapu yake. Pale juu ya genge nikamwambia simama, nikaketi chini njiani, kama zamani, mpaka miguu ikakubali. Tulimzika Leokadia mchana. Baada ya ardhi kusawazishwa hakuna aliyeondoka. Walinitazama tu, wajukuu wa kaka zake na wake zao, watoto wakiwa wamevutwa karibu na sketi za mama zao. Yule mtu wa kofia akanijia, safari hii akanitazama usoni. "Bibi alisema hivi," akasema. "Projesti wangu alikwenda bila kuitikia, na mimi nilinyamaza nikimtazama. Yule binti aseme, na watu wangu wanijibie." Tukateremka mwaloni. Kwenye kigoda, mbele ya watu, walikuwa wamemketisha mzee mmoja kipofu, rozari mkononi, na nilimtambua kwa shingo ile ya mwimbaji. Alikuwa Kalisti.

Nikavua viatu, nikaingia majini mpaka magotini. Kuna woga wa kukimbia na kuna woga wa kusimama, na huu ulikuwa wa kusimama. Nikasema mstari wa kwanza, nikangoja. Nyuma kimya, vijana hawajui, nani angewafundisha? Nikasema wa pili, wa tatu, wa nne. Kimya kilikuwa kile kile cha asubuhi ile ya maziwa, na nikahisi shangazi alivyohisi, watu wamekupa visogo hata kama wanakutazama. Nikafika pale pabaya, nikasema, "Nimemeza jasiri na kasia lake, sikutema hata ukucha," na sauti ikanikatikia.

"Eego waitu," akasema Kalisti.

Ilikuwa sauti ya mzee, imechakaa, lakini ilifika majini. Nikasikia kigoda kikigonga jiwe, alikuwa anasimama. "Itikieni," akawaambia wale vijana, naye analia wazi bila kujificha. "Itikieni, wanangu. Nilimnyima Projesti neno hili mimi. Mpeni."

Wakaitikia, vibaya, kila mtu na wakati wake, kama darasa la kwanza linavyojifunza kusoma. Nikangoja mpaka wa mwisho amalize. Kisha nikaendelea na mstari uliofuata.